Maswali ya wasomaji: Ini limevimba, nianzie wapi?

Mwezi huu ukurasa wote nimeuachia ini, maana meseji zenu zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, "dokta nitumie dawa gani". Na mimi jibu langu ni lilelile kwa wote, niambie kwanza ini lako limevimba kwa sababu gani. Kuna virusi A, B, C, D na E, kuna pombe, kuna mafuta, kuna dawa tunazomeza wenyewe, kuna hata kinga ya mwili kuligeukia ini na kulishambulia, na kila kimoja kina matibabu yake, kinachomsaidia huyu hakimsaidii yule na mwingine kinammaliza kabisa. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mwanaume miaka 34, nilienda kuchangia damu, baada ya muda nikapigiwa simu nirudi, kufika naambiwa nina homa ya ini B. Siumwi popote, nakula, nafanya kazi kama kawaida. Kliniki wakanipima tena damu na altrasaundi halafu nikaambiwa "kwa sasa hakuna dawa, rudi baada ya miezi sita". Sasa dokta si ndo nimeambiwa nikafie nyumbani? Kuna mtu ana dawa ya kusafisha ini anasema kirusi kinatoka chote. Usiku silali.

JIBU: Pole sana kaka, na hilo la kukosa usingizi silishangai, ile "hakuna dawa" umeambiwa kwa mkato mno. Dawa zipo. Alichotakiwa kukwambia ni kwamba kwa majibu yako ya siku ile huenda hujafikia hatua ya kuanza dawa, na hiyo ni habari tofauti kabisa na kuambiwa ukafe.

Miezi sita hawakuitaja tu kujaza sentensi. Kile kipimo ulichopimwa, kwenye karatasi yako kimeandikwa HBsAg, kinaonyesha kirusi kipo, hakisemi kimeingia jana au ulizaliwa nacho. Mtu mzima akiambukizwa, karibu 95 kati ya 100 mwili wao wenyewe unakifukuza ndani ya miezi sita, wengine hata hawajui waliumwa. Kwa mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume, kama 90 kati ya 100 wanabaki nacho. Kwa hiyo ukirudi ukapimwa na HBsAg bado ipo, hapo ndo tunasema imekuwa sugu, na watu wengi wanaokutwa nayo kwa bahati kwenye kuchangia damu wanakuwa nayo tangu utotoni bila kujua. Ini halilalamiki mapema kaka, kutokuumwa siyo ushahidi wa chochote, si wa uzima wala si wa ugonjwa.

Sasa chukua hiyo karatasi yako uiangalie na mimi. Tafuta mstari wa ALT. Hicho ni kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, na hapa watu wengi wanapotezwa maana maabara nyingi zinaandika kawaida ni mpaka 40 na kitu, wakati miongozo ya homa ya ini B inachukulia mwisho ni 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Ukiwa na 38 utaambiwa uko poa, lakini kwangu mimi huyo ni mtu wa kufuatiliwa kwa karibu. Cha pili ulizia wingi wa virusi kwenye damu, hicho ni kipimo cha peke yake, usipokiuliza kuna sehemu hawatakutajia. Cha tatu ni makovu, kuna mashine inapima ugumu wa ini bila kuchoma wala kukata, na pasipokuwa na mashine daktari anaweza kukadiria kwa hesabu ya AST, kimeng'enya kingine kama ALT, na chembe sahani za damu yako, zile zinazosaidia damu kuganda. Altrasaundi peke yake haitoshi, inaweza kuonyesha ini zuri kabisa wakati makovu ya mwanzo yameshaanza.

Hivyo vitu vitatu ndivyo vinaamua. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya na ikapanua mlango, watu wengi ambao zamani wangeambiwa subiri sasa wanastahili kuanza, mfano mwenye makovu ya kueleweka, au mwenye virusi zaidi ya 2,000 kwa mililita na ALT juu ya kawaida, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua kansa ya ini, au mwenye kisukari, au mwenye VVU pamoja na B. Kwa hiyo ukirudi usiulize "mna dawa?", uliza "kwa majibu yangu haya nastahili kuanza dawa, na kama bado ni kwa sababu gani?" Daktari mzuri atakujibu bila kukasirika. Na kabla ya kuanza hakikisha umepimwa VVU, maana tenofoviri, moja ya dawa zenyewe, inatumika kwenye magonjwa yote mawili, na mwenye VVU akipewa hiyo peke yake anajitengenezea usugu, yaani VVU vinaizoea dawa.

Ukianza ni tenofoviri au entekaviri, kidonge kimoja kwa siku, na kwa wengi ni cha miaka mingi au maisha yote. Kinafunga kirusi mdomo, hakikifukuzi, kwa sababu kirusi kinaacha mbegu yake ndani kabisa ya kiini cha seli za ini na dawa tulizonazo hazifiki huko. Lakini kirusi kikinyamaza, kuvimba kunashuka, makovu yanaacha kuongezeka na kwa wengine yanapungua kabisa, na hatari ya kansa inashuka pia. Hilo ndo lengo.

Huyo wa kusafisha ini mwache na biashara yake. Mchezo wao naujua, ALT ya homa ya ini B inapanda na kushuka yenyewe, anakuuzia chupa ikiwa juu, mwezi ujao imeshuka yenyewe, anakwambia unaona. Mwambie akuonyeshe mtu mwenye B sugu aliyekuwa na HBsAg na sasa hana, na vipimo vyote viwili, uone kama hatabadilisha mada. Ubaya wenyewe ni kwamba ini ndilo linalochuja hayo machupa, na kuna mitishamba inalivimbisha ini lisilo na ugonjwa wowote, sembuse lako. Pombe nayo weka pembeni, na nafaka au karanga zenye ukungu usile, ile sumu ya ukungu ikikutana na B inazidisha sana hatari ya kansa ya ini. Na wote mnaolala na kuishi nyumba moja wapimwe, asiye nayo achanjwe.

SWALI: Dokta mimi nina mimba ya miezi minne, kliniki nimepimwa nimekutwa na homa ya ini B. Mama mkwe amenitengea sahani na kikombe, mtoto wangu wa kwanza haruhusiwi kula na mimi. Naogopa zaidi huyu wa tumboni, ina maana atazaliwa nayo? Na nisimnyonyeshe?

JIBU: Dada yangu, nianze na wa tumboni maana ndiye mwenye saa zinazohesabika. Mtoto wako anaweza kabisa kuzaliwa salama na kubaki salama, ila mipango ianze sasa hivi siyo siku uchungu umeanza. Wingi wa maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto unatokea wakati wa kujifungua, na kinga kubwa ni chanjo ya homa ya ini B anayochomwa mtoto mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Siyo wiki ya sita na chanjo nyingine, saa 24. Hii naisisitiza maana wako akina mama wengi wanaambiwa "ataipata kwenye ratiba", na ile ya kwenye ratiba inamkuta kirusi kimeshakaa. Muulize mkunga mapema kama hiyo ya kuzaliwa ipo hapo utakapojifungulia, kama haipo mjue mtaipata wapi. Pia kuna sindano ya kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kirusi, ambayo mtoto anachomwa pamoja na chanjo, ikipatikana ni vizuri zaidi, isipopatikana chanjo ya wakati bado inafanya kazi kubwa. Halafu zile dozi zinazofuata amalizie zote.

Upande wako, omba wapime wingi wa virusi. Vikiwa 200,000 kwa mililita au zaidi unaanzishiwa tenofoviri ukiwa na mimba, kuanzia miezi mitatu ya katikati, kumpunguzia mtoto hatari, na hiyo dawa imeshatumiwa na wajawazito wengi sana, usiiogope. Pasipokuwa na kipimo hicho miongozo mipya inaruhusu mjamzito mwenye B apewe dawa bila kukisubiri. Kunyonyesha nyonyesha. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, pumzisha hilo titi mpaka lipone, tumia jingine. Kumpima mtoto subiri afikishe miezi tisa mpaka mwaka, ukimpima mapema majibu yanachanganya.

Sasa mama mkwe. Msomee hapa kwa sauti kama itabidi. Homa ya ini B haiambukizi kwa sahani, kikombe, kijiko, kukumbatiana, kukohoa wala kula pamoja. Inapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo vya kutenga ni wembe, mswaki, kikata kucha, sindano na hereni, na ukijikata damu ifutwe vizuri na dawa ya klorini maana kirusi hiki kikiwa nje ya mwili kinaweza kuishi siku saba au zaidi. Kama anaiogopa kweli, cha kufanya siyo kutenga vyombo, ni yeye na mumeo na mtoto mkubwa kwenda kupimwa na kuchanjwa, dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Akishachanjwa arudishe kikombe kabatini.

SWALI: Nilikuwa natumia tenofoviri mwaka wa tatu huu, kipimo cha mwisho wakaniambia virusi havionekani. Nikaona nimepona nikaacha, ni kama miezi miwili. Sasa naskia uchovu na mkojo umekuwa mweusi. Nirudie vidonge vilivyobaki?

JIBU: Nenda hospitali leo, umalizie kusoma njiani. Kutoonekana maana yake dawa imekibana, siyo kwamba kimeondoka, na ukiachia ghafla kinaweza kurudi kwa nguvu na ini likavimba kuliko hata mwanzo, kuna watu linawafeli kabisa. Usijipangie dozi mwenyewe nyumbani, beba hivyo vidonge ukawaonyeshe, waeleze tarehe uliyoacha, wapime ALT, bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, na uwezo wa damu kuganda, hicho cha mwisho ndicho kinachosema kama ini bado linafanya kazi yake. Uwezekano mkubwa utarudishiwa dawa. Wapo wanaoruhusiwa kuacha, wachache, na wanaachishwa na daktari huku wanapimwa mara kwa mara, hawaachi kimyakimya kama ulivyofanya. Na wengine mnaosoma, kama kinachowaachisha ni gharama au foleni au figo kusumbua, semeni, kuna namna ya kubadilisha.

SWALI: Dokta mimi virusi vyote sina, A B C wamepima hakuna. Lakini ALT 96 AST 70, altrasaundi inasema mafuta kwenye ini. Nina kilo 104. Pombe nakunywa kiasi cha kawaida wikiendi. Wamenipa vitamini. Zitatosha?

JIBU: Vitamini hazitafanya lolote la maana bosi, na "kiasi cha kawaida" ni msemo ambao sijawahi kuuelewa, kila mtu wa kwake. Chukua daftari andika wiki mbili, chupa kwa chupa, halafu mwenyewe utaona.

Mafuta kwenye ini ndo kisa cha kawaida kuliko vyote hivi sasa, yanakuja na kitambi, kisukari, presha na mafuta mengi kwenye damu. Wengi wanaishia hapo, lakini kwa baadhi mafuta yanaleta kuvimba, kuvimba kunaleta makovu, makovu yanaleta ini kusinyaa, na hiyo safari inachukua miaka bila dalili. Dawa namba moja ni uzito, na hapa namba zinaeleweka. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito mafuta yanaanza kupungua, ukifika 7 mpaka 10 kuvimba kunatulia, ukifika 10 au zaidi hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Kwako wewe asilimia 7 ni kama kilo saba na kidogo, siyo lazima urudi ulivyokuwa kijana. Punguza taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, maana kujinyima chakula ghafla nako kunaweza kulivimbisha ini. Anza na soda na juisi za sukari, ile sukari ya vinywaji inageuzwa mafuta humohumo kwenye ini. Tembea kwa kasi, hata uzito usiposhuka mazoezi yenyewe yanapunguza mafuta ya ini. Kahawa unaruhusiwa, wanywaji wa kahawa wanaonekana kuwa na makovu machache, ila usiijaze sukari.

Pombe acha kabisa angalau mpaka tujue ini limefikia wapi. Mafuta yanayoletwa na pombe yanaweza kuisha ndani ya wiki chache tu ukiacha, ndiyo maana mi naipenda hii kama kipimo, acha wiki sita urudie ALT. Lakini kama ni mtu wa kunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka usipoipata, usikate ghafla peke yako, unaweza kupata degedege, nenda usaidiwe kuacha. Pima sukari, na uulize kipimo cha makovu. Na uwaambie dawa zote unazomeza, maana nao ni mlango ambao watu hawaufikirii, mfano dawa za kifua kikuu zinaweza kupandisha ALT hivyohivyo.

SWALI: Nimekutwa na C. Nimesoma haina chanjo. Ndo basi?

JIBU: Hapana, wewe ndo mwenye bahati kuliko wote ukurasa huu. Chanjo kweli haina, ila inapona, vidonge vya wiki 8 mpaka 12 kwa kawaida, na zaidi ya 95 kati ya 100 wanapona kabisa, kirusi kinatoka. Hiki ni kirusi ambacho kilitambuliwa mwaka 1989 tu, na waliokitafuta walipewa tuzo ya Nobel 2020. Kabla ya dawa hakikisha umepimwa kirusi chenyewe, siyo kingamwili peke yake, kingamwili inabaki maisha yote hata kwa mtu ambaye mwili wake ulishakifukuza, na hao siyo wachache. Upimwe na B pia, maana ukiwa nazo zote mbili, ukitibu C, B inaweza kuamka. Na ukishapona unaweza kuambukizwa upya, kwa hiyo sindano na nyembe za kuchangia marufuku.

SWALI: Mdogo wangu yuko bweni, macho yamekuwa manjano, alianza na homa na kutapika, wenzake wawili nao hivyohivyo. Wamempima ni A. Wamemrudisha nyumbani bila dawa yoyote dokta, hata dripu!

JIBU: Wamefanya sawa, najua inauma kurudi mikono mitupu. Homa ya ini A haina dawa ya kuua kirusi na haihitaji, inapita yenyewe, wiki kadhaa mpaka miezi, na haiwi sugu. Mpe maji kidogokidogo mara kwa mara, chakula chochote kinachokaa tumboni, apumzike. Asimeze dawa zisizo na ulazima, hata za kuzuia kutapika na za maumivu ziulizeni kwanza. Manjano inaweza kuchelewa kuisha hata akiwa ameshachangamka, isiwatishe. Kirusi kinatoka kwenye choo kinaingia kwa mdomo, kwa hiyo sabuni ya mikono ndo dawa ya wengine wote nyumbani, asipikie watu kwa sasa, na bweni waangalie maji na vyoo vyao maana wagonjwa watatu sehemu moja siyo bahati mbaya. Kama ndani kuna mjamzito mwenye manjano msimchanganye na huyu, akapimwe haraka, homa ya ini E mimba ikiwa kubwa inaua.

Ila kuna dalili ambazo zikitokea unaondoka hata saa nane usiku: akianza kuongea visivyoeleweka au kulala mchana akikesha usiku, akitokwa damu puani au kwenye fizi, akitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, tumbo likijaa maji, au akishindwa kabisa kubakiza maji tumboni. Hizi ni kwa ini lolote, iwe A, B au pombe.

SWALI: Fupi tu dokta. Nina B, kichwa kikiuma naruhusiwa parasetamoli?

JIBU: Ndiyo, ila isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na usiichanganye na pombe. Soma pia maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli humo ndani na watu wanajikuta wamemeza mara mbili. Zile za maumivu za jamii ya dikilofenaki na ibuprofeni kaa nazo mbali kama umeshaambiwa ini limesinyaa.